Mmea wangu wa mitungi umegoma kutoa mitungi, na mke wangu anautaka nje

Shikamoo Mama Bustani,

Mimi ni msomaji wako wa Kigamboni. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa masomoni Malaysia. Alipokuja likizo kabla ya Ramadhani alituletea mmea unaonasa wadudu, na kibandiko chake kimeandikwa Nepenthes ampullaria. Ulipofika ulikuwa na mitungi mingi imejikusanya chini kwenye shina, mifupi, minene, ya kijani yenye madoa mekundu, kila mmoja na kifuniko chembamba kilichokunjwa nyuma. Watoto wa mtaa mzima walikuja kuutazama.

Nilitaka uishi vizuri. Ulikuwa kwenye kikopo kidogo cha plastiki ambacho hakikuwa na udongo, makapi matupu, nikauhamishia kwenye chungu cha udongo chenye samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa. Namwagilia asubuhi na jioni maji ya kisima chetu. Yana chumvi kidogo, lakini mchicha na mwembe vinastawi nayo. Nikaona jua la huku ni kali, nikauingiza chumbani kwenye kiyoyozi. Watoto wanaulisha dagaa, kila mtungi dagaa wake. Ulipoanza kudhoofika nikauongezea kijiko cha yurea.

Sasa majani yapo, tena marefu, lakini ile ncha ya jani ambayo ndiyo hufura ikawa mtungi inakauka na kuwa nyeusi ikingali kama punje ya mchele. Mitungi ya zamani imeoza, mingine inanuka. Kingo za majani zimeungua, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Niliuchomoa kidogo nikakuta mizizi myeusi, nikajua ndiyo basi.

Mke wangu naye anasema mitungi yenye maji ni mazalia ya mbu, na hapa nyumbani tumeshaugua dengi, kwa hiyo mmea utoke. Mimi nasema mmea unakula mbu. Nani yuko sahihi?

La mwisho: shemeji anarudi huko kwa mahafali, na ameahidi kuniletea ule mkubwa kuliko yote, Nepenthes rajah, ambao mtungi wake unabeba maji ya kuoshea uso. Nimwambie alete?

Baba Nasra, Kigamboni

*

Marahaba, Baba Nasra.

Nianze na mizizi, maana hapo umekata tamaa bila sababu. Mizizi ya jamii hii ni myeusi ikiwa mizima. Ni myembamba, inakatika ukiigusa vibaya, na mtu asiyeizoea hudhani imeungua. Iliyooza utaijua kwa vidole: inateleza, ganda linabanduka na inanuka. Kama yako ni imara, mmea uko hai. Acha kuuchomoachomoa.

Halafu tuelewane. Mmea huu ni wa misitu ya bondeni, kuanzia Malaysia, Sumatra na Borneo mpaka Guinea Mpya, kwenye joto la mchana la nyuzi 30 hivi, usiku usio na baridi, na hewa yenye unyevu mwaka mzima. Hiyo ni Dar es Salaam hiyo. Wenzetu wa Ulaya wanaulea ndani ya sanduku la kioo lenye taa, kipasha joto na mashine ya kutoa ukungu, na bili ya umeme wanalipa, ili wapate hewa ambayo wewe unaipata bure kibarazani. Nawe ukauchukua ukauingiza kwenye kiyoyozi! Kiyoyozi kinakausha hewa, ndiyo maana kina mpira wa kutolea maji nje. Ncha ya jani haifuri ikawa mtungi kwenye hewa kavu, inanyauka tu. Utoe chumbani leo hii. Mke wako atakuwa ameshinda nusu ya kesi kabla sijafika kwenye mbu.

Lakini ukiutoa nje ukaendelea kuunywesha maji ya kisima, utakufa tu, tena barazani mbele ya wageni. Kwa hiyo maji nitayazungumza kwa kirefu.

Huko kwao unaota kwenye udongo wa mabwawa uliojaa majani yaliyooza nusu, mwingine kwenye mchanga mweupe. Mvua imepita humo miaka na miaka ikasomba kila kitu, udongo umebaki mchachu na maskini kabisa. Ndiyo sababu mmea ukajitengenezea mitungi: naitrojeni ambayo mizizi haiipati ardhini inatafutwa juu. Mizizi yenyewe haikuzoea chumvi ya aina yoyote. Sasa wewe uko Kigamboni. Pwani yetu imekaa juu ya mchanga na miamba ya matumbawe, kisima kinatoa chokaa ya matumbawe, na bahari nayo inaongeza yake. Mchicha unavumilia, mnazi ndiyo kabisa. Huu hauvumilii. Ule ukoko mweupe ulioandika ndio ushahidi: maji yanaruka na hewa, chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine. Chungu cha udongo kinaifyonza na kuitunza, ndiyo maana nitakwambia ukiache. Kingo za majani zilizoungua ni chumvi hiyohiyo imefika juu, ikisaidiwa na yurea yako.

Najua utakalouliza: vipi nikiyachemsha? Ukichemsha, maji yanapungua, chumvi ya bahari inabaki palepale, tena imekolea zaidi. Maji ya chupa ya kunywa nayo mengi yana madini, soma kibandiko. Ya bomba hutofautiana mtaa na mtaa. Wauzaji wa mashine za kuchuja maji wana kipimo kidogo kama kalamu, kinaitwa kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini. Unakichovya kinakupa namba. Chini ya 50, mwagilia kwa raha. Ikipita 100, yapeleke kwenye mchicha. Kisima chako kikisoma mamia kadhaa usishangae.

Maji yake ni ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kipande cha bati cha mita nne kwa tano, mvua ikinyesha milimita 10 tu, na hiyo ni mvua ya kawaida sana siku za masika, kinakujazia pipa la lita 200. Mmea mmoja hauhitaji hata lita moja kwa siku, kwa hiyo mapipa mawili ya masika yanakuvusha kiangazi cha Juni mpaka Septemba. Mvua ya kwanza iache ipite, inaosha vumbi, mavi ya ndege na chumvi ya upepo wa baharini juu ya bati.

Yakiisha kabla ya vuli, kinga ule mpira wa kiyoyozi. Yale ni maji yaliyotoka kwenye hewa, madini yake ni machache sana, na nyumba nyingi za Dar zinayamwaga barabarani. Ila fundi akija kukisafisha kwa dawa, mwaga ya siku mbili tatu za mwanzo. Njia nyingine ni maji ya betri ya vituo vya mafuta. Hapo uwe na macho: unataka maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri. Asidi ya betri nayo inauzwa duka hilohilo, na chupa zinafanana.

Sasa tukiondoe kile chungu. Kata mitungi iliyooza. Utoe mmea na bonge lake lote, uliloweke kwenye ndoo ya maji ya mvua, na uuache udongo uachie wenyewe. Usikung'ute, usivute. Suuza mpaka samadi yote itoke, kisha upande kwenye kikopo cha plastiki chenye matundu mengi chini. Yale makapi uliyoyadharau ndiyo yalikuwa udongo wake, pengine ya nazi au magome ya miti. Sisi watu wa pwani tuna makumbi: yakatekate vipande vya ukubwa wa dole gumba, changanya sehemu mbili za makumbi, moja ya mkaa uliopondwa na kuoshwa majivu, na moja ya kokoto nyepesi za volkeno kama zile za Arusha. Ukikosa kokoto, ongeza mkaa. Wanaofuga okidi wana sfagnamu kavu, aina ya kuvumwani, wanayofungia mizizi. Ukipata konzi moja, chomeka kuzunguka shina.

Ila makumbi nayo yana kesi yake. Huku kwetu mengi hufukiwa kwenye tope la bahari kwa miezi ili yalainike yasokotwe kamba, na hata yasiyofukiwa yana chumvi yake ya asili. Ukiyanunua kwa wasokota kamba ukayatumia hivyohivyo, umerudi kisimani. Yaloweke usiku kucha, mwaga, loweka tena, na umalizie kwa maji ya mvua. Kipimo kikisoma chini ya 100 kwenye maji unayoyamwaga, yako tayari.

Baada ya kuuhamisha utalegea. Ufunike na mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, kivulini, wiki mbili hivi, ukiufungua kidogokidogo. Jua likiupiga ndani ya mfuko, umeupika.

Ukisimama, uweke kibaraza cha mashariki upate jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne, halafu kivuli chenye mwanga mwingi. Majani yako ni marefu kwa sababu chumbani ulikuwa unatafuta mwanga. Ukiyaona yanageuka mekundumekundu na magumu, jua limezidi, sogeza nyuma kidogo. Wewe uko karibu na bahari, kwa hiyo nyumba iukinge na upepo wa kusi, maana unabeba umande wa chumvi. Mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, na usiuache umesimama kwenye kisahani cha maji kwa joto letu. Julai na Agosti utapunguza mwendo, usiuongezee chochote.

Chochote, nimesema. Yurea kwenye mizizi hii usirudie kamwe.

Na dagaa? Waambie watoto wapumzike. Dagaa mkavu ana chumvi, na mmoja mzima ni mzigo mkubwa kuliko mtungi unavyoweza kumeng'enya, kwa hiyo anaoza, na mtungi unaoza naye. Hicho ndicho kilichokuwa kinanuka. Wadudu watakuja wenyewe, sisimizi hasa. Lakini mmea wako una tabia ya peke yake. Wenzake wengi wana kifuniko kilichokaa juu ya mdomo kama mwavuli, utamu wa kuvutia wadudu, na ukuta wa ndani wa nta unaoteleza. Ampullaria hana haraka na mawindo. Kifuniko amekikunja nyuma, mitungi ameitandaza chini ya miti mdomo wazi, na anapokea majani makavu yanayoanguka. Watafiti waliopima huko Borneo waliona kwamba mimea iliyo chini ya miti hupata takriban theluthi moja ya naitrojeni ya majani yake kutoka kwenye takataka hizo. Kwa hiyo ule mwembe wako ndio mpishi. Kivuli cha pembeni mwa mwembe, mahali mwanga unapopenya, ni pazuri kuliko kibaraza kama kuku hawafiki. Jani moja moja likidondokea mtungini, liache. Mtoto akitaka kabisa kulisha, sisimizi wawili watatu kwa mtungi, mara moja moja kwa mwezi.

(Nikiwa hapohapo: huko Malaysia mitungi ya mmea huuhuu huoshwa, ikajazwa mchele wa kunata na tui la nazi, ikapikwa kwa mvuke ikauzwa kama vitafunio. Mweleze mama Nasra, huenda akaulainikia moyo. Yako msiipike, imelishwa yurea.)

Sasa mbu. Hapa mke wako ana hoja kuliko wewe, samahani. Kwao kuna mbu ambao makazi yao ni ndani ya mitungi hii, viluwiluwi vyao vinaogelea kwenye yale maji bila kumeng'enywa, na ampullaria, kwa kuwa mdomo uko wazi na mvua inaingia, ni nyumba nzuri kwao kuliko wenzake. Mbu wa dengi hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji yaliyosimama, na Dar es Salaam tuliona milipuko ya 2014 na 2019, si mambo ya kusimuliwa. Kwa hiyo kila wiki chukua tochi umulike mitungini. Ukiona viluwiluwi, vivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, umwage juani, kisha rudisha maji ya mvua kidogo, robo ya mtungi inatosha. Usitie mafuta ya taa, wala usipulizie dawa ya mbu juu ya mmea. Kumeza mbu waruka wa nyumba nzima hauwezi, hilo la kwamba unakula mbu lisahau.

Ila maji ya mitungi yote ya mmea huo ni kidogo tu. Mimi nimekuambia uweke mapipa mawili ya lita 200 uani. Hayo ndiyo mazalia. Kila pipa lifunikwe kwa chandarua kizima kilichofungwa kwa mpira kuzunguka mdomo, pamoja na mahali mfereji unapoingilia, na maji uyachote kwa bomba la chini, si kwa kufunua. Visahani vya maua vingine vyote barazani mwaga pia. Mkikubaliana hilo na mama Nasra, nadhani mmea utaruhusiwa kukaa.

Usitegemee ile ncha iliyokauka kufufuka. Jani lililoshindwa kutoa mtungi halitoi tena. Linaendelea kutengeneza chakula kwa jua, kwa hiyo usilikate likiwa bado kijani. Tazama jani jipya, na jipya linalofuata, hilo la pili au la tatu ndilo litakalokupa jibu. Ni suala la miezi. Mtungi mzee kukauka kuanzia mdomoni ni uzee wa kawaida, kata sehemu iliyokauka tu. Na chunguza makwapa ya majani: vidung'ata, wale weupe kama pamba, wanaupenda sana mmea uliodhoofika. Wafute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kuhusu rajah, mwambie shemeji asithubutu. Kwanza ungekufa. Huo ni wa milimani, unaota Sabah, jimbo la Malaysia kisiwani Borneo, kwenye milima ya Kinabalu na Tambuyukon, kati ya mita 1,500 na 2,650 hivi, kwenye usiku wa baridi. Dar haina usiku huo hata Agosti. Wasomaji wangu wa Njombe, Lushoto na Limuru ndio wenye hewa inayoukaribia, na wao ampullaria yako ingewafia kwa baridi. Pili, rajah uko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ile kali kabisa, na karibu jamii yote iliyobaki iko kwenye orodha ya pili, pamoja na huo ulio nao. Maana yake kuutoa nchi moja kwenda nyingine kunahitaji kibali, na juu ya hapo kuingiza mche Tanzania kunahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, mambo yaliyo chini ya TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu. Mche ulioviringishwa kwenye soksi ndani ya begi unakuja na wadudu na magonjwa ambayo hatuna, na wakulima ndio hulipa. Sikuulizi wa kwanza ulipitaje. Wa pili upite mlangoni.

Kama shemeji ana hamu ya kukufurahisha na ana muda wa kushughulikia karatasi, aulize bustani inayozalisha yenyewe kuhusu Nepenthes mirabilis au Nepenthes rafflesiana. Wote ni wa bondeni, na mirabilis ni mgumu hasa, unaota mpaka kwenye mitaro ya barabarani. Akikosa, hamjapoteza kitu. Ampullaria ukipona huchipua mashada mapya chini ya shina, na shina lake likirefuka unaweza kulikata vipande vya vifundo viwili vitatu, ukavichomeka kwenye makumbi yaleyale chini ya mfuko wa nailoni. Fanya hivyo mwanzoni mwa masika, hewa ikiwa imelowa.